Karatasi na Miche: Jinsi Karura Ulivyonusurika

Ndani ya msitu wa Karura, kaskazini mwa jiji la Nairobi, yapo matanuri ya zamani ambayo wageni wengi huyapita bila kuyatazama, haraka yao ikiwa ni kufika kwenye maporomoko ya maji. Miaka ya 1990 Benki Kuu ya Kenya iliyatumia kuchomea noti kuukuu. Fedha zilizochakaa mikononi mwa akina mama wa Gikomba na makanga wa matatu ziliishia hapo, zikawa majivu chini ya miti. Naanzia hapo kwa makusudi. Miaka hiyohiyo karatasi ya aina nyingine, ngumu kuchoma kuliko noti, ilikuwa inauteketeza msitu wenyewe. Karatasi hiyo ni hatimiliki.

Karura ni msitu wa hekta 1,041 hivi, uliozungukwa na mitaa ambayo ardhi yake ni ghali kupindukia: Muthaiga, Gigiri, Runda. Barabara ya Limuru imeukata upande wa magharibi na Barabara ya Kiambu inapakana nao mashariki. Mito inaupitia, na katika magenge yake kuna mapango ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha miaka ya 1950. Serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Tusidhani Waingereza waliupenda kwa uzuri wake. Reli iliyofika Nairobi mwaka 1899 ilikuwa na njaa ya kuni, na treni za mvuke hazikuchagua mti. Miti ya asili ilifyekwa sehemu kubwa, na mahali pake ikapandwa mikaratusi kutoka Australia, inayokua mbio na kuwaka vizuri. Muhugu, ule mti mgumu ambao wachongaji wa Kikamba wanaupenda kwa vinyago, ukabaki mabondeni na kwenye miteremko. Kadhalika mukinduri, mzeituni mwitu, na muthiga, ambao gome lake chungu wazee walilitafuna kwa mafua na maumivu ya meno.

Kwa hiyo msitu ambao watu walikuja kuufia ulikuwa tayari umejeruhiwa. Hili huwa halisemwi sana. Tunapenda kusimulia Karura kama bikira aliyeokolewa mikononi mwa majambazi, ilhali sehemu kubwa yake ilikuwa shamba la miti ya kigeni ya serikali.

Uhuru ulipokuja, sheria ya misitu ilibaki na mlango wa nyuma. Waziri akitaka kuondoa kipande cha msitu kwenye hifadhi, alitakiwa kuchapisha notisi ya siku 28 katika Gazeti Rasmi la Serikali, basi. Siku 28 zikipita, kipande hicho si msitu tena hata kama miti ingali imesimama. Ni nani kati yetu husoma Gazeti Rasmi? Vipande vya Karura vilimegwa hivyo taratibu: hapa jengo la serikali, pale chuo, kwingine ubalozi. Vingine vilikuwa na sababu ya kueleweka. Lakini mlango ukishazoeleka kufunguliwa, haubishwi tena hodi.

Kisha zikaja siasa za vyama vingi. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilieleza bayana baadaye kilichokuwa kikifanyika: ardhi ya umma ilikuwa zawadi ya kisiasa, na ugawaji ulipamba moto karibu na chaguzi za 1992 na 1997. Namna yenyewe ilikuwa nyepesi hadi inatia aibu. Kampuni iliyoandikishwa juzi, wenyewe hawajulikani, inapewa barua ya ugawaji. Barua hiyo, kabla hata ada haijalipwa, inauzwa kwa mtu wa pili kwa mamilioni. Mashirika ya umma nayo yalishinikizwa kununua, yaani mwananchi aliuziwa kwa akiba yake mwenyewe ardhi iliyokuwa yake tangu mwanzo. Kufikia 1998 sehemu kubwa ya Karura ilikuwa imeshagawanywa kwa makumi ya kampuni. Mipango ilikuwa ya nyumba za kifahari na uwanja wa gofu. Matinga yaliingia, barabara zikachongwa katikati ya miti.

Habari hizi zilimfikia Profesa Wangari Maathai.

Msomaji wa Kenya hahitaji kujulishwa kwake, lakini jambo moja katika maisha yake linaihusu Karura kuliko tuzo zote. Tarehe 5 Juni 1977, akiwa na Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, alipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa Green Belt Movement. Kati ya miti saba hiyo, miwili ndiyo iliyodumu. Mwanamke huyu, aliyekuja kuitwa Mama Miti, alianza kwa kushindwa mara tano katika saba, akajifunza kwamba shughuli ya siku moja yenye picha na hotuba haioti. Kinachoota ni kile kinachomwagiliwa maji wiki ya tatu, wakati waandishi wa habari wameshakwenda zao. Vitalu vya Green Belt vijijini vilijengwa juu ya somo hilo: mama alilipwa kidogo kwa kila mche, lakini kwa mche uliokwisha kushika.

Alikuwa pia amezoea kupigana na wakubwa. Mwaka 1989 alipinga jumba la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, akatukanwa na wabunge, na jumba halikujengwa. Mwaka 1992 aliketi na akina mama wa wafungwa wa kisiasa katika bustani hiyohiyo hadi polisi wakampiga akazimia. Kwa hiyo mwaka 1998 alipomwandikia Mwanasheria Mkuu kuhusu Karura, waliopokea barua walijua kuwa mwandishi wake hatachoka.

Oktoba 1998 yeye na wenzake walianza kwenda msituni. Hawakwenda na mabango tu, walikwenda na miche. Walianzisha kitalu ndani ya msitu uliokwisha kuuzwa, na kitalu kikawa kisingizio kizuri cha kurudi, kwa sababu miche lazima inyweshwe. Lango lilipofungwa na walinzi, walizunguka wakapitia kwenye vinamasi na kijito, wakatokea upande wa pili na kumwagilia. Ujanja huu unanifurahisha. Mwanasiasa akizuiwa langoni huhutubia akaenda zake. Mkulima akizuiwa hutafuta njia nyingine, kwa maana mche wake unakauka.

Mambo hayakubaki ya amani. Mwezi huohuo msafara mkubwa, ukiwa na wabunge kadhaa wa upinzani, uliingia msituni, na siku hiyo matinga na magari ya wajenzi yakachomwa moto. Hasara ilikuwa ya mamilioni ya shilingi. Green Belt ilijenga jina lake kwa kupanda, si kwa kuchoma, na moto ule uliwapa wenye kampuni sababu waliyoitafuta ya kukodi vijana wa kulinda lango.

Ijumaa, tarehe 8 Januari 1999. Wangari, akiwa na miaka 58, alifika pamoja na wabunge sita wa upinzani, waandishi wa habari, wanachama wa Green Belt na wageni kutoka nje, wakiwemo wanamazingira wa Ujerumani. Nia yao siku hiyo ilikuwa ndogo kabisa: kupanda mti. Mbele yao walisimama wanaume wengi wenye mapanga, marungu na mijeledi. Hawakuvaa sare ya polisi, lakini pia hawakuwa na sura ya watu waliojikusanya wenyewe. Walipoambiwa hawawezi kuingia, Profesa aliamua kupanda palepale walipokuwa, mahali palipotengwa kwa uwanja wa gofu. Alikuwa bado anachimba shimo walipovamiwa. Rungu lilimpata kichwani. Wabunge wanne waliumizwa, pamoja na waandishi na wale Wajerumani.

Damu ikimchuruzika usoni, alikwenda kituo cha polisi kushitaki. Askari hawakutaka kurudi naye msituni kuwakamata waliompiga. Walichokuwa tayari kufanya ni kuandikisha taarifa, kwa hiyo ikaja karatasi nyingine ya kutia saini. Alitia saini kwa damu yake mwenyewe.

Waliopanga shambulio walisahau kitu kimoja, kamera. Tukio lote lilirekodiwa, na jioni dunia ilikuwa inalitazama. Makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa yako Gigiri, ng'ambo tu ya msitu. Wanadiplomasia wanaojadili hali ya hewa ya sayari nzima walikuwa wameona, karibu kutoka madirishani mwao, mwanamazingira akipasuliwa kichwa kwa sababu ya mche mmoja. Mkurugenzi wa shirika hilo wakati huo, Klaus Töpfer, alilaani. Katibu Mkuu Kofi Annan naye alilaani.

Lakini aliyeitikisa serikali zaidi, nadhani, ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari wanafunzi wa Nairobi walifunga safari kwenda Karura kupanda miti. Polisi waliwapokea kwa virungu na gesi ya kutoa machozi, na ghasia zikasambaa jijini kwa siku kadhaa hadi Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungwa. Hao walikuwa watoto wa wakulima wa Nyeri, Kisii, Machakos na Busia, ambao pengine wengi wao hawakuwahi kukanyaga Karura. Walichoelewa ni kwamba msitu ukigawanywa kwa barua, hakuna shule wala soko lililo salama. Maandamano yaliendelea kwa vipindi. Tarehe 16 Agosti 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza kupiga marufuku ugawaji wote wa ardhi ya umma.

Simulizi nyingi za Karura huishia hapo, pamoja na ile Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004. Mimi naona hapo ndipo sehemu ngumu inapoanza.

Marufuku hayakufuta hatimiliki zilizokwisha kutolewa. Wala hayakuondoa mkaratusi hata mmoja. Msitu uliookolewa kwa damu ukabaki kwa miaka kumi mahali pa kuogopwa. Maiti zilitupwa humo, magari yaliyoibwa yalitelekezwa humo, pombe haramu ilipikwa kando ya mito, mbao na makaa vilitoka usiku. Mkazi wa Nairobi akisikia jina Karura aliharakisha mwendo. Msitu usiotembelewa hauna shahidi, na asiyetaka mashahidi ni yuleyule mnyakuzi. Kama hali ingeendelea hivyo, ingekuja siku mtu akasema ni heri pajengwe nyumba kuliko kuwafugia majambazi pori, na wengi wangekubali.

Kilichobadilisha mambo ni sheria, na sheria huchosha kusimulia, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Sheria ya Misitu ya 2005 iliunda Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na ikaruhusu wananchi wanaopakana na msitu kuunda chama na kutia saini mkataba wa kuusimamia pamoja na serikali. Karura ulipata chama chake, Friends of Karura Forest, kikiwaunganisha watu ambao kwa kawaida hawakai meza moja: wakazi wa Muthaiga na Runda wenye mbwa wa kizungu, wanadiplomasia, na watu wa Huruma, kijiji cha mabati kilichojibanza ukingoni mwa msitu, ambacho akina mama wake walikuwa wakiokota kuni humo siku zote.

Jambo la kwanza lilikuwa ua wa umeme. Ua huu ulizua maneno, na ulistahili. Tangu lini msitu wa umma unazungushiwa nyaya? Je, si matajiri wanajitengenezea bustani ya kukimbilia asubuhi? Swali hilo halijafa hadi leo, na sidhani lipo jibu la kumridhisha kila mtu. Lakini ua ulifanya kazi mbili ambazo hotuba hazikuweza kuzifanya. Ulionyesha mpaka, hivyo anayetaka kusogeza mpaka lazima kwanza akate waya mchana kweupe. Tena ulileta malango, na malango yakaleta ada. Kwa miaka mingi mtu mzima mkazi wa Kenya aliingia kwa shilingi 100, bei ya chai na mandazi katika hoteli ya kawaida. Mia hizo zilipokusanyika zililipa walinzi, na walinzi wengi walikuwa vijana wa Huruma, baadhi wakijua kila kijia kwa sababu ambazo hawakuulizwa sana. Mwaka 2011 msitu ulifunguliwa kwa umma kwa namna mpya. Wakaja watu wa baiskeli, watoto wa shule, maharusi wa kupigwa picha, wazee wa kutembea kwa fimbo.

Profesa aliwahi kuona mwanzo huo. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Alikuwa ameomba mti usikatwe kwa ajili ya jeneza lake, basi likafumwa kwa magugu maji, mafunjo na mianzi.

Sasa tuirudie ile mikaratusi. Kuukarabati msitu ni kazi ya mikono, polepole kuliko maandamano. Mkaratusi mmoja hunywa maji mengi, na shamba lake likikaa bondeni kinamasi hukauka. Ukiukata tu, hujamaliza: kisiki huchipua matawi manne mahali pa shina moja, na baada ya miaka michache una mikaratusi mingi kuliko mwanzo. Kisiki lazima kibanduliwe gome au machipukizi yakatwe tena na tena hadi kichoke. Mahali palipopata jua huvamiwa mara moja na lantana, kichaka chenye maua mazuri ya rangi mbili ambacho hutambaa na kufunika kila kitu. Nacho hung'olewa kwa jembe pamoja na mizizi, mikono ikichanwa. Ndipo mche wa muhugu au mukinduri unapowekwa, na kwa misimu kadhaa lazima mtu arudi kuupalilia, la sivyo majani yataumeza. Ni lile somo la Kamukunji, safari hii kwenye mamia ya hekta.

Nimewahi kusimama pembeni nikiwatazama wafanyakazi wakipalilia. Mmoja wao, mama wa makamo, alikuwa akipita kwenye mstari wa miche huku akikanyaga nyasi kuizunguka kwa buti, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, halafu anainama na kufungua kifuniko cha majani kama mtu anayemfunua mtoto shuka aone kama amelala. Mche wenyewe haukufika magotini mwake. Alipoona namtazama alisema, "Huu utakuwa wa wajukuu," akaenda kwenye uliofuata.

Wanyama walirejea, wengine kwa miguu yao na wengine kwa gari. Mbega, wale kima weusi wenye joho jeupe, walikuwa wametoweka Karura. Kuanzia mwishoni mwa 2014 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Nyani walihamisha zaidi ya 100 kutoka Kipipiri, ambako walikuwa wamebanwa kati ya mashamba na watu. Leo ukiingia kwa lango la Barabara ya Limuru mapema, utawasikia kabla hujawaona, sauti nzito kama pikipiki inayokataa kuwaka. Shimo la machimbo ya zamani limejaa maji na yungiyungi limetanda juu yake. Pongo hujitokeza jioni. Haya yote yako ndani ya mji mkuu wenye mamilioni ya watu.

Na ile karatasi? Haijalala. Hatimiliki za zamani zimeendelea kufufuliwa mahakamani na watu wanaodai vipande vya msitu. Ule mlango wa siku 28 umefungwa: chini ya sheria ya 2016 anayetaka kubadilisha mpaka wa msitu wa umma lazima apeleke ombi bungeni, baada ya wataalamu na wananchi kusikilizwa. Lakini mwaka 2021 uliletwa muswada wa kuwaondoa wataalamu wa KFS katika kuyachuja maombi hayo, na ukazimwa na kelele za watu. Barabara zinazopakana na msitu zinapanuliwa, na kila upanuzi una ramani inayolamba ukingo. Mwishoni mwa Agosti 2025 KFS iliagiza ada zote za langoni zilipwe kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen. Friends of Karura, wakiona fedha zinazolipa walinzi zinaondoka msituni, walikwenda mahakamani. Serikali ilisema ni uwazi, chama kikasema ni kuvunjwa kwa mkataba. Mtu aliyeshuhudia miaka ya 1990 atajua kwa nini wengi walisimama na chama bila kusubiri kusoma nyaraka.

Msomaji, ukienda Karura usiyakimbilie maporomoko. Yatembelee kwanza yale matanuri. Na ukirudi nyumbani, kumbuka kwamba Gazeti Rasmi la Serikali hutoka kila Ijumaa. Lisome.